Si Kila Kinachofuata Ukoo Kimo kwenye Jeni

Kwa vizazi kadhaa watu wa miteremko ya Mlima Meru wamekuwa wakitambulika kwa meno yao. Kijana wa Arumeru akifika Dar es Salaam au Mwanza, tabasamu lake mara nyingi humtangulia kusema anakotoka: meno ya mbele yana mistari ya kahawia, pengine madoa yaliyokolea hadi kukaribia weusi, pengine na vishimo vidogo. Nyumbani kwao bibi anayo meno hayo, mama anayo, shangazi na watoto wake wanayo. Mtu anayetazama familia hiyo, akatazama na ya jirani, hahitaji kusoma sana ili afikie hitimisho kwamba jambo hili limo damuni. Liko kwa wazazi na liko kwa watoto. Wageni waliokuja ukubwani hawana. Hoja hiyo imepangika vizuri, na kwa mwonekano wake haitofautiani na ile anayoanza nayo mtaalamu wa jenetiki. Hata hivyo si kweli. Meno ya Meru hayarithiwi kwa jeni. Kosa hilo linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu linafichua jinsi tunavyolielewa vibaya suala zima la urithi. Kinachofuata ukoo hupita njia nyingi, na jeni ni mojawapo tu: ardhi nayo hurithiwa, kisima hurithiwa, mapishi hurithiwa. Na hata pale ambapo jeni ndiyo asili ya jambo bila shaka yoyote, mahali mtu anapoishi huamua kwa sehemu kubwa jeni hiyo itazaa nini.

Tuanze na maji. Meru ni volkano yenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, ndani ya eneo la Bonde la Ufa. Miamba na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yanayopenya humo yana magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo kwa wingi ingeikamata floraidi na kuizamisha; kwa kuwa ni haba, floraidi hubaki imeyeyuka na kusafiri na maji hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Katika Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kiasi chake hufika mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania, ambayo kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, nayo imeshuka hadi 1.5. Kuna vyanzo vya Arumeru vinavyovuka 10. Na usalama wa maji haya hauonekani kwa macho. Mto Maji ya Chai una jina lililotokana na rangi ya maji yake, na ni rahisi kudhani kwamba rangi hiyo ndiyo inayohamia menoni. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya kunywewa haina ladha ya kuitambua. Chemchemi inayong'aa kama kioo inaweza kuwa mbaya kuliko mto wa kahawia.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hujengwa wakati jino lingali ndani ya taya. Seli za kazi hiyo hutoa kwanza protini za kuandaa umbo, kisha protini hizo huvunjwa na kuondolewa taratibu ili madini yachukue nafasi yake na enameli iwe ngumu. Floraidi ikizidi, uondoaji huo huzorota, na ganda hubaki na matundu madogo mno. Jino huota likiwa na weupe wa chaki. Rangi ya kahawia huja baadaye, vyakula na vinywaji vinapoingia kwenye matundu hayo. Kwa meno mengi ya kudumu kazi hii hukamilika mtoto anapofika miaka minane hivi, na kwa yale ya mbele miaka mitatu ya mwanzo ndiyo yenye uzito zaidi. Kwa hiyo mtu aliyehamia mji wa Usa River, chini ya Meru, akiwa na miaka ishirini anaweza kunywa maji hayohayo hadi uzeeni na meno yake yasibadilike rangi, ingawa mifupa yake inaweza kuathirika kiasi kikiwa kikubwa. Jeni za enameli za mtoto wa Arumeru ni nzima. Maagizo yako sahihi. Utekelezaji wake ndio uliovurugwa.

Tunajuaje? Kwa jaribio ambalo jicho la jirani haliwezi kulifanya: kutenganisha ukoo na mahali. Daktari wa meno wa Marekani, Frederick McKay, alianza kukusanya ushahidi wa aina hii mwaka 1901 alipofika Colorado Springs na kukuta wenyeji wana meno ya kahawia. Waliozaliwa pale au kuletwa wakiwa wachanga walikuwa nayo, waliohamia wakubwa hawakuwa nayo, hata kama walikuwa ndugu. Katika mji mdogo wa Oakley, Idaho, wazazi waliona madoa yakianza kwa watoto baada ya bomba jipya kuvutwa kutoka chemchemi ya maji moto. McKay aliwashauri waliache bomba hilo watumie chanzo kingine, na baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno ya kudumu yasiyo na doa. Wazazi walikuwa walewale, na kilichobadilika kilikuwa bomba. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji na kuitaja floraidi. Mantiki hiyohiyo inatosha kwa Meru: mtoto wa wazazi wenye meno ya kahawia akilelewa kwenye maji yenye floraidi kidogo hupata meno meupe, na mtoto wa wazazi kutoka pwani akilelewa Maji ya Chai kwa maji ya pale hupata ya kahawia. Jeni haihami kwa namna hiyo.

Hapo ndipo inapofaa kueleza jeni ni nini, maana kwa Watanzania wengi neno DNA limebeba picha ya kesi: baba anakana mtoto, sampuli zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, jibu linarudi. Matumizi hayo ni halali, lakini yanaacha dhana kwamba DNA ni muhuri wa utambulisho na si kitu kinachofanya kazi kila saa. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Humo mna DNA, uzi mrefu unaoandikwa kwa kemikali nne kama herufi. Seti moja ina takriban herufi bilioni 3. Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maagizo, mara nyingi ya kutengeneza protini fulani, na binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000. Seli ya ini na seli ya fizi zina maandishi yaleyale. Zinatofautiana kwa sababu kila moja husoma sehemu zake na kuacha nyingine. Kuwa na jeni ni jambo moja, jeni kusomwa ni jambo la pili, na protini iliyotengenezwa kufanya kazi yake kama inavyopasa ni la tatu. Meno ya Meru yanaharibikia hatua ya tatu.

Kanuni ya jinsi maagizo hayo yanavyogawanywa iliandikwa na Gregor Mendel, mtawa wa Brno, mwaka 1866, kutokana na majaribio ya njegere. Wakulima wa Arumeru wanaiona kila mara mtu anapojaribu kuokoa fedha ya mbegu. Mahindi chotara ya mwaka wa kwanza husimama shambani kwa kimo kimoja na kubeba magunzi yanayofanana, kwa sababu kila mmea umepokea nakala moja ya kila jeni kutoka kila upande wa wazazi waliochaguliwa. Mkulima akihifadhi punje za mavuno hayo na kuzipanda tena, shamba la mwaka unaofuata huchanganyikana: mengine marefu, mengine mafupi, mavuno yakishuka. Wapo wanaodai kwamba kampuni za mbegu zimeweka kitu ndani yake. Hakuna kilichowekwa. Nakala zilizokuwa zimekaa pamoja zimeachana na kukutana upya kwa bahati, na nakala zilizokuwa zimefichwa na wenzake zimepata nafasi ya kuonekana. Hilo la kufichwa lina uzito mkubwa kwa binadamu, maana ndilo linaloeleza kosa la pili, lililo kinyume cha lile la meno.

Kosa hilo ni kukataa urithi pale ulipo. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kati ya kila watu 1,400, ilhali duniani kwa ujumla makadirio ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Katika nchi yetu aina iliyo ya kawaida zaidi hutokana na pengo la herufi takriban 2,700 katika jeni iitwayo OCA2. Mtoto huzaliwa na ualbino akipokea nakala yenye pengo kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Aliyepokea moja tu ana rangi kama ya ndugu zake na hajui kwamba anaibeba. Ukipiga hesabu kutokana na kile kiwango cha mmoja kwa 1,400, na ukichukulia kwamba wengi wana badiliko katika jeni ileile, unapata kwamba takriban Mtanzania mmoja kati ya 19 ni mbebaji. Hawa ni watu wengi mno, wameenea katika makabila na dini zote. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, na mimba iliyopita haiipunguzii wala kuiongezea nafasi inayofuata. Kwa kuwa pande zote mbili za ukoo zinaweza kupita vizazi vingi bila mtoto mwenye ualbino, kuzaliwa kwake huonekana kama kitu kilichoangushwa kutoka nje, na anayelaumiwa ni mama: amezini na Mzungu, amelaaniwa, amekanyaga mwiko. Baba anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamfukuza mtu aliyechangia nusu tu. Nusu ya pili ameitoa yeye. Kwenye meno tunaona ukoo mahali ambapo pana maji, na kwenye ualbino tunaona uchawi au uzinzi mahali ambapo pana ukoo. Kosa la kwanza limegharimu watoto tabasamu na mifupa. La pili limevunja ndoa na kuandaa mazingira yaliyoruhusu watu kuuawa.

Atasema msomaji: basi angalau ualbino ni jeni tupu, na mahali hapana la kusema. Asili yake ni jeni, ndiyo. Lakini kinachowaua wengi mapema ni saratani ya ngozi, na saratani hiyo inaletwa na jua. Mtu mwenye nakala hizohizo mbili akiishi Norwe hukabili hatari ndogo sana ikilinganishwa na anayelima Arumeru au kuuza nyanya juani katika soko la Kilombero jijini Arusha, digrii chache kutoka ikweta na mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mionzi ya jua ni mikali zaidi. Kofia pana, mikono mirefu, dawati lililowekwa mbele darasani kwa mtoto asiyeona mbali, na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa jirani hapo Moshi katika Hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, havigusi hata herufi moja ya DNA. Vinabadilisha maisha kwa miongo. Hilo ndilo ninalolisisitiza: kutaja jeni kuwa asili hakumaanishi kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa.

Uhusiano huu wa jeni na mahali una upande mwingine unaovutia zaidi, nao unapatikana kwenye kibuyu cha maziwa. Kila mtoto mchanga ana laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani uzalishaji wake hushuka baada ya kuachishwa ziwa, na mtu mzima akinywa maziwa mabichi mengi tumbo hujaa gesi na kuharisha. Kwa wengine hauzimiki. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa makundi 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Waligundua kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana badiliko la herufi moja, G kuwa C, lililo umbali wa herufi 14,010 kabla ya jeni ya laktasi, ndani ya jeni jirani. Jeni ya laktasi yenyewe haijaguswa. Kilichoguswa ni swichi, na badiliko hilo huizuia isizimwe kama ilivyo kawaida. Wazungu wengi nao wana swichi isiyozimwa, lakini badiliko lao liko mahali pengine, herufi 13,910 kabla ya jeni, kwa hiyo watu wa mabara mawili walifikia jambo lilelile kwa njia mbili zisizohusiana. Watafiti walikadiria kwamba badiliko la hapa kwetu lilianza kuenea kati ya miaka 3,000 na 7,000 hivi iliyopita, kipindi ambacho ng'ombe walikuwa wakiingia Afrika Mashariki.

Tazama mpangilio wa mambo hayo. Ng'ombe walitangulia, jeni ikafuata. Vyungu vya kale vya wafugaji wa Kenya na Tanzania, vikiwemo vya Luxmanda mkoani Manyara, vimekutwa na mabaki ya mafuta ya maziwa, na utafiti wa DNA ya watu 41 wa kale wa nchi hizi mbili uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta badiliko la swichi kwa mmoja tu kati ya wafugaji wa mwanzo, aliyezikwa katika pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi takriban miaka 2,000 iliyopita. Watu walikuwa wakitumia maziwa kwa karne nyingi bila jeni ya kuwawezesha. Waliwezaje? Jibu lenye uzito ni mtindi. Maziwa yakiganda kibuyuni, bakteria huila sehemu ya sukari ile, na tumbo lisilo na laktasi hupata nafuu. Waarusha, watu wa Kimaa waliogeukia kilimo kwenye miteremko ya Meru, wana loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, na chakula hicho hulika vizuri na mwenye swichi wazi na mwenye swichi iliyozimwa. Mapishi yalifanya kwanza kazi ambayo jeni ilikuja kuifanya baadaye. Mahali na mila havingoji jeni ziamue. Huamua pia jeni zipi zitazaa wajukuu wengi.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inafundisha hilo kwa ukali zaidi. Herufi moja katika jeni ya himoglobini ikibadilika, A kuwa T, protini hubadilika umbo. Mwenye nakala mbili huugua; mwenye nakala moja hana ugonjwa na hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, jambo lililothibitishwa mwaka 1954 na Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Kandokando ya Ziwa Viktoria nakala hiyo moja ni ulinzi. Mjukuu wa mtu huyohuyo akizaliwa Arusha mjini, kwenye ubaridi ambako mbu wa malaria ni wachache, anaibeba bila kunufaika nayo kwa lolote.

Sasa pingamizi. La kwanza na lenye nguvu zaidi linatoka ndani ya nyumba zilezile za Arumeru: mbona ndugu wawili, maji mamoja, jiko moja, mmoja ana madoa mazito na mwingine mistari hafifu? Sehemu ya jibu inatoka kwa walezi. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, kwa hiyo mtoto aliyenyonya muda mrefu bila kupewa uji mapema amekingwa miezi ambayo mdogo wake hakukingwa. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na kande ili viive upesi nayo huleta floraidi, na kiasi chake hutofautiana kutoka fungu moja la sokoni hadi jingine. Lakini nakubali kwamba hayo hayamalizi suala. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio ya panya wa koo mbalimbali zilizozalishwa kwa kufanana, waliopewa floraidi kiasi kilekile: ukoo mmoja uliharibika meno upesi, mwingine ulistahimili. Hivyo jeni ipo hata kwenye madoa ya Meru, kama kiwango cha ustahimilivu. Haianzishi tatizo, inagawa ukali wake. Ondoa floraidi, na panya wa koo zote wana meno mazuri. Iache, na tofauti ya koo hujitokeza. Mwenye kuuliza "ni jeni au ni maji?" kama vile lazima moja litoke, ameuliza swali lisilojibika kwa mtu mmoja. Kuna pia magonjwa adimu ya enameli yanayotokana na kasoro ya jeni yenyewe, na hayo hutokea popote, kwenye maji yoyote. Ni kazi ya daktari kuyatofautisha.

Pingamizi la pili linaletwa na waliosoma takwimu. Wanasema tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba kimo, kwa mfano, ni cha kurithi kwa asilimia 80 hivi. Je, mahali panabakiwa na nini? Hapa kuna kutoelewana kunakorudiwa hata na watu makini. Asilimia hiyo haisemi kwamba sentimita themanini kati ya kila mia za mwili wako zimetoka kwenye jeni. Inasema ni kiasi gani cha tofauti kati ya watu wa kundi fulani, wanaoishi katika hali fulani, kinaendana na tofauti za jeni zao. Irudishe kwenye meno uone. Chukua kijiji ambacho wote wanachota mto mmoja na kulea watoto kwa namna moja. Maji hayatofautiani, kwa hiyo hayawezi kueleza tofauti yoyote. Kinachobaki ni ustahimilivu wa jeni, na mtafiti atatangaza kwamba madoa ni ya kurithi kwa asilimia kubwa. Kisha changanya kijiji hicho na kingine kinachokunywa maji ya miligramu nusu. Ghafla maji yanaeleza karibu kila kitu na asilimia ya urithi inaporomoka. Hakuna herufi ya DNA iliyobadilika kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Urithi mkubwa ndani ya kundi hauelezi chochote juu ya chanzo cha tofauti kati ya kundi na kundi, wala hautabiri kitakachotokea mazingira yakibadilishwa.

Kimo chenyewe kinathibitisha hilo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliokusanya watu wapatao milioni 5.4, wengi wao wa asili ya Ulaya, ulitaja zaidi ya sehemu 12,000 za DNA zinazohusiana na urefu, kila moja ikichangia kidogo sana. Wakati huohuo Wakorea wa Kaskazini, wenye asili moja na wa Kusini, ni wafupi kuliko wao kwa sentimita kadhaa, na kilichowatenganisha ni chakula na utawala wa miongo saba. Nchini mwetu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe amedumaa akajibu kuwa kwao ni wafupi, anaweza kuwa na haki, maana koo fupi zipo kweli. Lakini hawezi kujua hilo kabla sahani haijajaa. Jeni haiwezi kusomwa kwa kumtazama mtoto ambaye hajawahi kushiba.

Wapo pia watakaokimbilia upande wa pili na kusema basi kila kitu ni mazingira. Hapana. Hakuna lishe itakayomfanya mwenye nakala mbili za selimundu asiwe nazo, na kumwambia mama wa mtoto huyo kwamba angekula vizuri ujauzitoni mambo yangekuwa tofauti ni ukatili. Ninachodai ni utaratibu wa kufikiri. Tusitamke "ni ya ukoo" kabla hatujauliza kama ukoo huo umewahi kuishi mahali pengine na nini kilitokea, na tusitamke "hayapo kwetu" kabla hatujakumbuka kwamba nakala inaweza kufichwa vizazi vitano. Neno ukoo likitamkwa mapema hufunga uchunguzi. Kwa Meru limefunga uchunguzi kwa muda mrefu, kwa sababu aliyeamini kwamba meno ni ya damu hakuwa na sababu ya kudai maji mengine.

Na maji mengine yanawezekana. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya wizara ya maji, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, malighafi isiyokosekana Arusha. Pale Tengeru, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio lililoshinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya uhandisi barani Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Jiji nalo limepata mradi mkubwa wa takriban shilingi bilioni 520 kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliovuta maji ya visima virefu kutoka Wilaya ya Hai. Vijiji vilivyo juu ya bomba hilo havijafikiwa kwa usawa, na mtoto aliye huko ana miaka minane tu ya kusubiri.

Kwa hiyo rai yangu ni kwa halmashauri na kwa wazazi. Kila kituo cha kuchotea maji kuzunguka Meru kibandikwe kipimo chake cha floraidi, kwa tarakimu na kwa tarehe, mahali ambapo mchotaji anasoma bila kuomba ruhusa. Kliniki za watoto ziulize chanzo cha maji kama zinavyouliza chanjo. Nyumba isiyo na maji salama iweke kando maji ya mvua, ambayo yana floraidi kidogo, kwa ajili ya uji na chai ya watoto wadogo, ipunguze magadi kwenye chakula chao, na ijue kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi bali huifanya izidi kukolea.